Mlimani au Malimbe?

Hapa Kigongo ukisema unakwenda kusoma sheria, mtu haulizi utasoma nini. Anauliza, "Chuo gani?" Ukijibu Mlimani, anakutazama mara mbili. Ukijibu Malimbe, anasema, "Aa, hapo hapo tu." Majina hayo mawili nimeyabeba kichwani miezi kadhaa, na leo nayatua.

Mlimani kunatamanika kwa haki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni Sheria. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisoma pale. Jina kama hilo hufungua milango, tusidanganyane. Mtakatifu Augustino, kule Malimbe, kimekuwa chuo kikuu tangu 1998. Lakini kutoka nyumbani ni gari la Usagara, kisha la Nyegezi, na jioni nakula ugali wa mama.

Sasa hesabu. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukilipwa 600,000, basi 90,000 imeondoka hujaiona. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, heri yetu. Makato hayaulizi ulisoma wapi. Hata safari ya uwakili ina mlango mmoja kwa wote, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Na mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26!

Hata hivyo deni la Bodi lina subira, hungoja umalize chuo. Linalonitisha ni lile lisiloandikwa kwenye fomu. Mkopo unaweza kuja nusu. Bumu likichelewa, Dar chumba kinadai na tumbo linadai. Utampigia nani simu? Mama. Na mama yangu alikuwa akiwauzia abiria wa kivuko samaki wa kukaanga. Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, na sasa magari yanapita kilomita zake 3 bila kusimama. Mama halilaumu daraja. Anawakumbuka wagonjwa waliokuwa wakingoja kivuko usiku. Ila karai ni lile lile, wateja wamepungua. Akinitumia hela ataitoa kwenye kikoba, na kikoba hukutana kila wiki.

Nilipomtajia Malimbe alisema, "Baba, usiniogopee mimi. Fuata jina." Mjomba akadakia, "Ukoo mzima hatujapata mtu wa Mlimani!" We acha tu. Jina hilo tungelivaa wote, lakini marejesho angeyapeleka mama peke yake.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nauliza, matanga yatakaa nyumbani kwa nani? Nimechagua Malimbe. Na riwaya yangu, iliyokwama sura ya nne, itaendelea kuandikwa usiku kwenye meza ile ile ya chakula.

Wewe unayejaza fomu, kama kwenu wanaweza kuziba pengo bila kukopa, nenda Mlimani, tena kwa furaha. Kama hawawezi, uliza kwanza ni nani atakayesimama mbele ya kikoba kukuombea.