Uchafu Kidogo

Wiki ya mazishi ya baba, baba mdogo aliambia kamati nisiwekwe kati ya watoto watakaozungumza. "Huyu damu yake imechanganyika." Baba alikuwa Mluo, mama ni Mkamba. Hakuna aliyemjibu. Hata mimi nilinyamaza, nikaenda kuosha vikombe.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa maabarani napika oksidi ya nikeli. Usicheke, ni kupika kweli: unasaga unga, unaukandamiza uwe kidonge, unaulaza kwenye tanuru usiku kucha. Ikiwa safi, oksidi hii ni ya kijani na haipitishi umeme. Mwaka 1937 de Boer na Verwey walionyesha kwamba hapo kuna fumbo, maana kwa hesabu za wakati ule ilipaswa kuupitisha.

Fikiria matatu iliyojaa, kila kiti kina mtu wake, na kupakatana ni marufuku. Nani atahama? Elektroni nazo husukumana. Mbili kubanana mahali pamoja ni gharama kubwa, basi kila moja inaganda kwake. Halafu kila atomu ya nikeli ni kama sumaku ndogo, ila nusu zinatazama juu na nusu chini, zinafutana.

Sasa tia lithiamu kidogo. Nikeli hutoa elektroni mbili, lithiamu moja tu. Ni kama abiria mmoja ameshuka. Jirani anahamia kiti kilichobaki wazi, wa nyuma anafuata, na ile nafasi inatembea gari nzima. Niliongeza asilimia chache tu. Asubuhi kidonge kilitoka cheusi, na kipimio kikaonyesha ukinzani umeshuka zaidi ya mara milioni.

Kwenye fani yetu, lithiamu hiyo inaitwa uchafu.

Kusema kweli, nilicheka peke yangu. Nikaona nimepata jibu la kumpelekea baba mdogo. Lakini sayansi haikubali kutumwa hivyo. Chukua oksidi ya lanthani na shaba. Strontiamu ya asilimia 2 hivi inatosha kuvuruga mpangilio wake wa sumaku. Ikifika karibu 15, ukiipoza hadi takriban nyuzi 235 chini ya sifuri, umeme unapita bila ukinzani wowote. Bednorz na Müller ndio waliofungua njia hiyo mwaka 1986, wakitumia bariamu, na mwaka uliofuata wakapewa Nobel. Lakini ukizidisha, maajabu yote yanapotea. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kuchanganya ni baraka kila mara. Tena watu si vidonge.

Desemba baba mdogo alikuja Nairobi kuona daktari, akalala kwetu.

"Ati unasomea nini?"

Nilimletea vichupa viwili, cha kijani na cheusi.

"Hiki kiliungua?"

"Hakikuungua. Kilichanganywa. Ndicho kinachopitisha umeme."

Alikigeuzageuza kile cheusi mkononi, kimya, mpaka chai yake ikapoa. Mama alikuwa jikoni, lakini nilisikia sufuria zimeacha kulia.

"Siku ile," akasema bila kuniangalia, "ungesema nini?"

Hotuba ilikuwa bado kwenye simu yangu. Nikaifungua, nikamsomea yote.