Kutafuta Diko la Salama: Kutoka Mombasa Hadi Kilifi

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno lao kwa kazi ya kukiteremsha chombo majini: walisema kushua. Mahali pa kushulia na pa kurudia wakapaita diko. Maneno haya mawili bado yamo vinywani mwa wavuvi, lakini katika nyumba nyingi za mjini yamesahaulika, kwa kuwa safari zetu za siku hizi huanzia kituo cha matatu. Hata hivyo ziko jamaa zilizobaki na chombo kidogo cha nyumbani: boti ya faiba ya watu watano au sita, yenye mashine ndogo nyuma, ambayo hulala uani juu ya trela na kuamshwa siku za likizo na za Idi. Kwa jamaa hizo kila safari huanza na swali moja: tushulie wapi?

Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma kwa upole, tulitoka Mombasa mimi na mume wangu, pamoja na mpwa wangu mwenye boti, mkewe na watoto wao watatu. Boti tuliiacha nyumbani. Safari hiyo ilikuwa ya kuyatazama madiko kwa macho, kuanzia fuo zilizo kaskazini ya kisiwa hadi Kilifi, ili siku ya kwenda na chombo na watoto tuwe tunajua tunakokwenda. Tuliyoyaona nayaandika hapa, kwani naamini yatazifaa jamaa nyingine.

Tulianzia kwenye ufuo ulio wazi, upande wa Bamburi na Shanzu. Kwa mgeni, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote: mchanga mweupe, maji ya kijani, na kwa mbali mwamba unaoyavunja mawimbi ya bahari kuu. Lakini ufuo mzuri kwa macho huenda usiwe mzuri kwa trela. Mchanga mkavu wa juu ni laini, na gurudumu lenye mzigo huzama ndani yake. Maji yakipwa, nafasi iliyo baina ya ufuo na mwamba huwa na kina kifupi, na boti yaweza kupwelewa ikakaa hapo saa nyingi. Maji yakijaa, mawimbi hupita juu ya mwamba na kufika hadi mchangani. Wakati wa kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, mawimbi hayo huwa na nguvu, na boti ndogo ikielekezewa ubavu hujaa maji kabla mashine haijawashwa. Wavuvi hushua hapo kwa sababu vyombo vyao ni vyepesi, wao ni wengi, na wanaujua kila mlango wa mwamba. Baba mwenye watoto watatu na gari moja hana hayo yote.

Tukaendelea hadi Mtwapa. Hapa bahari imenyoosha mkono wake kuingia bara, na mkono huo ndio uitwao hori. Ndani ya hori maji hutulia, mawimbi makubwa hayafiki, na kina ni kizuri hata maji yakipwa. Waliotutangulia waliyajua haya. Karibu na mlango wa hori hiyo yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waislamu wa karne ya 14, na mmoja wa misikiti yake umejengwa karibu kabisa na ufuo. Ukisimama hapo, huna haja ya kuelezwa kwa nini watu walichagua kukaa mahali hapo. Palikuwa na maji matulivu, na palikuwa na njia ya kuyafikia.

Maji matulivu tuliyakuta. Taabu yetu ilikuwa njia. Sehemu kubwa ya kingo za hori ni majabali ya matumbawe yaliyosimama wima, na pale ardhi inapoteremka taratibu tulikuta kuta na malango. Kichochoro kimoja, ambacho mzee mvuvi alituambia alikipita tangu utotoni, sasa kina geti la chuma na mlinzi. Mlinzi alikuwa mpole. Alisema ameamriwa asipitishe mtu. Yule mzee alimgeukia mpwa wangu akasema: "Mwanangu, bahari haijahama. Iliyohama ni njia."

Maneno hayo tulifuatana nayo hadi Kilifi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari na watu walivuka hori hiyo kwa feri. Daraja lilipokuja feri ikaondoka, lakini mahali ilipokuwa ikitia gati pamebaki, na watu hupaita Old Ferry hadi leo. Feri ya magari haiwezi kufanya kazi pasipokuwa na mteremko mgumu unaoshuka polepole hadi chini ya maji, na mteremko wa namna hiyo ndio unaohitajiwa na trela. Ng'ambo ya kusini, juu ya ukingo, yako magofu ya Mnarani na msikiti wake wa kale. Kwa mara ya pili siku hiyo tuliona kwamba wa kale na wa jana walichagua jambo lile lile.

Pale Kilifi palikuwa na wavuvi wakishusha samaki, na akina mama karanga wakiwasubiri na beseni zao ili wakakaange na kuuza. Mke wa mpwa wangu alimwamkia mmoja wao na kumwuliza kama pana salama kwa watoto. Yule mama hakujibu haraka. Alimwonyesha kwanza rangi ya sakafu: "Dada, hapo palipo peupe simama. Hapo palipo kijani usimsimamishe mtoto, wala usiiache gari ifike." Sehemu ya mteremko inayofunikwa na maji kila siku huota ukoga, na ukoga ule huteleza kama sabuni. Gari ikirudi nyuma hadi hapo, magurudumu hukosa pa kushika, na mzigo wa nyuma huivuta gari majini.

Kutokana na safari hiyo naweza kusema kwamba diko la salama lina mambo manne. La kwanza ni njia ya wazi ambayo gari na trela zaweza kupita na kugeuka. La pili ni sakafu ngumu yenye mteremko wa wastani. La tatu ni maji yaliyokingwa na mawimbi na mkondo mkali. La nne ni watu: wavuvi na wachuuzi wanaopajua mahali hapo, wanaoweza kukuonya na hata kukuokoa. Diko likikosa mojawapo, watoto wabaki nchi kavu.

Limesalia jambo la wakati, na hapa sisi Waislamu tuna msaada uliotundikwa ukutani mwa nyumba zetu, yaani kalenda ya Hijria. Maji ya bahari hufuata mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa pwani tofauti yaweza kukaribia mita 4. Kuanzia tarehe 7 hadi 9 za mwezi, na tena 22 hadi 24, huwa ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Kwa upande wetu wa Mombasa na Kilifi, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Jamaa inayotaka kushua asubuhi baada ya chai, watoto wakiwa macho na jua halijawa kali, basi ichague siku za maji mafu. Maji yatakuwa yamefika juu ya mteremko, mkondo mlangoni mwa hori utakuwa dhaifu, na wakati wa kurudi maji hayatakuwa yamekwenda mbali. Siku ya bamvua, mwenye kufika saa nne atakuta tope na ukoga, na maji yako mbali. Ni bora pia kushua maji yakiwa bado yanajaa, kwani chombo kikigusa fungu la mchanga, maji yenyewe yatakinyanyua. Maji yakiwa yanatoka, chombo kilichokwama huzidi kukwama, na mashine ikizimika mkondo hukipeleka bahari kuu. Kalenda hutoa makadirio tu. Kabla ya safari mtu apate saa kamili kutoka majedwali ya maji au kwa wavuvi wa mahali hapo.

Kazi ya kushua ina adabu zake. Chombo kitayarishwe juu, mbali na mteremko, ili wengine wasizuiliwe: kizibo cha chini, ambacho mabaharia huita nguruzi, kikazwe, mafuta yatazamwe, kasia, nanga na kopo la kutekea maji viwemo. Kila mtu, mkubwa na mdogo, avae jaketi la kuokoa maisha kabla ya kukaribia maji. Gari ikianza kurudi nyuma, asiwepo mtu yeyote nyuma ya trela, na mtoto asipewe kamba kuishika. Gari ikisimama, breki ya mkono ikazwe na magurudumu yawekewe jiwe au gogo. Abiria wapande chombo kikiwa kinaelea na kimeshikwa kwa kamba, wala wasipandie juu ya trela. Baada ya safari, trela ioshwe kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi huyala magurudumu yake kimyakimya.

Kwa dada zangu nina machache ya kuongeza. Buibui refu likilowa huwa zito na hujizungusha miguuni. Suruali pana ndani na vazi lisiloburura huhifadhi stara na kumwacha mtu huru kuogelea au kupanda. Jaketi livaliwe juu ya nguo zote na mtandio, kamba zake zikiwa zimefungwa. Tena diko litazamwe kwa macho yetu pia: pana kivuli cha kusubiria? Pana mahali pa faragha pa kubadili nguo za watoto zilizolowa, na pa kuswali? Wanaume huulizia kina cha maji, na hayo mengine wakayasahau.

Nimemweka mwisho yule mzee wa Mtwapa kwa sababu neno lake ndilo zito. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeitaja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Ufuo, kwa hiyo, ni wetu sote. Lakini ufuo wa umma usio na njia ya umma ni kama kisima kilichozungushiwa ukuta: maji yamo, na wenye kiu wako nje. Geti moja likiwekwa, wa kwanza kuumia ni mvuvi, wa pili ni mama karanga, ambaye hana boti wala trela, ana beseni na watoto wa kulisha. Jamaa inayotafuta pa kushulia boti ya mapumziko hufuata nyuma yao, na hupotelewa na kitu kile kile.

Kwa hiyo, kila jamaa ijue diko lake. Iwajue watu wa kikundi cha BMU wanaolisimamia, iulize kama njia yake imo katika ramani za ardhi, na inapoitishwa baraza ya wananchi kuhusu ardhi ya ufuoni, akina mama nao wahudhurie na waseme. Tumefundishwa kwamba kuondoa njiani kinachowadhuru watu ni katika imani. Ukoga wa kijani tunaweza kuupara kwa mikono yetu Jumamosi moja. Geti la chuma lataka sauti za wengi, nazo zitolewe mapema, maadamu wazee wanaoikumbuka njia wako hai na wanaweza kuishuhudia.