Kabla ya baridi, kagua dohani
Kwetu Lushoto, ukungu wa Julai ukishuka, wanangu watatu hawabanduki mbele ya moto. Raha hiyo ina gharama zake. Kuni zenye unyevu hutoa moshi mwingi, na dohani hujaa masizi yanayonata kama lami, ambayo huweza kushika moto. Masizi hayo yakipata unyevu hutoa tindikali inayokula saruji na bati. Dohani ikiziba, gesi ya kaboni monoksidi hurudi ndani. Haina rangi wala harufu, na huweza kumuua mtu akiwa usingizini. Ndiyo maana kila Mei namwita fundi aikwangue, atafute nyufa na viota vya ndege. Mzazi mwenzangu, mwite fundi mapema, na usiwalaze watoto penye moto unaowaka.