Karatasi za 1997

Mwaka 1997 zilitiwa saini karatasi mbili ambazo sisi wa Kindu tumeishi nazo hadi leo. Moja inajulikana dunia nzima: Mkataba wa Ottawa, wa Desemba, uliopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu. Ya pili ilitiwa saini Kinshasa tarehe 13 Februari, kati ya serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na kampuni ya Kanada iitwayo Banro, na ilihusu dhahabu na bati la Kivu na la kwetu Maniema. Ya kwanza ilikuwa na uso. Ya pili haikuwa nao, na nadhani ndiyo maana mpaka leo ni wachache hapa mjini wanaoweza kukueleza ilisema nini.

Uso wenyewe ulikuwa wa Diana wa Uingereza. Januari ya mwaka ule alivaa kinga ya kifuani na ya usoni akatembea katikati ya uwanja wa mabomu Huambo, Angola. Wakati ule redio zetu zilikuwa zinakula mawe ya betri ambayo tulikuwa tumeshayaanika juani mara nyingi, sauti inakuja na kupotea, lakini habari hiyo tuliipata. Mwanamke wa jumba la kifalme alikuwa amekanyaga udongo ambao mkulima wa Huambo aliuogopa. Wanasiasa wa kwao walimkasirikia, wakasema anaingilia mambo asiyoyajua. Alikufa Agosti, na Desemba nchi zaidi ya mia moja zikatia saini. Kampeni ilikuwepo kabla yake, na Jody Williams na wenzake walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka huohuo. Lakini ni matembezi yale yaliyoipeleka hadi kwenye redio ya Kindu.

Karatasi ya Februari haikupelekwa na redio yoyote. Walioitia saini upande wetu walikuwa serikali iliyokuwa inakata roho: mwisho wa mwezi uleule waasi wa AFDL waliingia Kindu, na Mei Rais Mobutu akaondoka. Humo ndani kampuni ilipewa miaka kumi ya kutolipa kodi ya faida, ikihesabiwa tangu siku uzalishaji utakapoanza, pamoja na ruhusa ya kupeleka nje dhahabu yote na haki ya miaka ishirini na mitano inayoweza kuongezwa mingine ishirini na mitano.

Aliyekua hapa enzi za Sominki, kampuni iliyochimba kabla ya Banro, anaelewa kwa nini jambo hilo linauma. Sominki iliundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za madini, Symétain ya Kalima ikiwa mojawapo. Malori ya Kalima yalikuwa yakishuka na kasiterita, mawe ya bati, hadi stesheni yetu. Mifuko yake ilikuwa midogo. Mtoto angeweza kuukumbatia mmoja, lakini wanaume wawili walikuwa wakihema kuuinua. Wapakiaji walituita watoto tujaribu, tukasukuma kwa mabega, usitikisike hata kidogo, nao wakacheka mpaka machozi. Siisifu Sominki kupita kiasi. Ilikuwa kampuni ya wageni kwa sehemu kubwa, na bei ya bati ilipoanguka 1985 ilianza kufa kidogo kidogo. Lakini ilionekana. Kulikuwa na hospitali, shule, mishahara iliyofika sokoni Kindu na kununua mchele wa Kibombo. Kodi yake ungeweza kuibishia, kwa sababu mwenye kuilipa ulikuwa unamwona.

Kisha vita. Rais Kabila, aliyemrithi Mobutu, alifuta mkataba wa Banro mwishoni mwa Julai 1998, siku chache kabla ya vita vya pili kuwaka; Oktoba, waasi wa RCD na jeshi la Rwanda wakaichukua Kindu. Mabomu yalitegwa Maniema kama yalivyotegwa Katanga na Kivu. Mwaka 2002 mji ulizingirwa na wanamgambo wa Maimai, na aliyekwenda shambani hakujua atakutana na nani njiani wala mguu wake utakanyaga nini. Watu walikaa na njaa wakati mihogo yao ilikuwa imekomaa upande wa pili wa mto, zaidi ya Alunguli. Hofu ya namna hiyo haiishi siku bunduki zinaponyamaza. Inabaki katika njia: unaona vijia vinavyozunguka mahali palipo wazi kabisa, na mtoto anayepita hajui kwa nini anazunguka.

Mwaka ule wa 2002 karatasi zote mbili zilirudi, zikifuatana kwa wiki chache. Aprili, Kinshasa ilipatana na Banro na kuirudishia machimbo yake manne ya dhahabu, Namoya ya Kabambare, hapa kwetu Maniema, ikiwemo, na msamaha wa kodi ukiwa palepale. Mei, Kongo ikajiunga na Mkataba wa Ottawa. Serikali iliyotia saini wala haikuwa na mamlaka Kindu siku hizo. Na kila karatasi ilikuja na miaka kumi yake: moja ilitupa miaka kumi ya kuondoa mabomu yote, hadi Novemba 2012, nyingine iliipa kampuni miaka kumi bila kodi.

Miaka ya mabomu haikutosha. Muda uliongezwa, ukaongezwa tena. Lakini wategua mabomu walifika, wakapiga magoti na kupekua udongo kwa ncha ya chuma, sehemu ndogo baada ya ndogo, na kila ilipoomba kuongezewa muda, nchi ililazimika kusimama mbele ya nchi nyingine na kusema mita ngapi za mraba zimesafishwa na ngapi zimebaki. Hilo ninaliheshimu sana.

Miaka ya kodi haikuulizwa na mtu. Namoya ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Desemba 2017 kampuni ilikuwa mahakamani Kanada ikiomba kinga dhidi ya wadai wake, na Septemba 2019, kwa sababu ya usalama, Namoya ikasimama. Msamaha wa kodi ulikuwa na umri mrefu kuliko uchimbaji wenyewe. Ninajua watakachojibu wahasibu: kampuni ilikuwa na madeni, bila faida hakuna kodi ya faida, na ada nyingine zililipwa. Sawa. Lakini ukishamsamehe mtu kodi kwa miaka kumi, nani tena ana sababu ya kufungua vitabu vyake na kupima hiyo hasara? Waliokuja chini ya Sheria ya Madini ya 2002 waliwekewa kodi ya faida ya asilimia 30. Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani. Asilimia 40 ya sifuri ndiyo iliyokuwa haki yetu Namoya.

Na mama anayeuza sombe kwenye soko letu analipa ushuru wa meza kila asubuhi, kabla hajauza fungu la kwanza. Mwenye baiskeli anayetoka Kasongo analipa kila bariera. Hao hawajapewa hata miaka kumi ya kuanza biashara.

Septemba ileile ya 2019 mtoto wa Diana, Harry, alirudi Huambo. Mahali mama yake alipotembea kati ya alama za hatari pamekuwa barabara ya mji, na magari yanapita. Nilifurahi kwa ajili ya watu wa Huambo. Nikafikiri pia kwamba hakuna mtu maarufu atakayekuja kutembea juu ya kifungu cha mkataba wa madini, maana hakipigiki picha na hakimkati mtu mguu. Kinaondoa dawa hospitalini na daraja barabarani polepole mno hivi kwamba hakuna anayeshikwa.

Kwa hiyo kazi hiyo ni yetu. Tangu Mei 2011 kuna amri ya Waziri Mkuu inayotaka kila mkataba wa madini utangazwe ndani ya siku sitini. Kutangazwa Kinshasa kwa Kifaransa hakunitoshi. Mkataba ujao wa Namoya, wa Kalima au wa Punia usomwe mbele ya bunge la jimbo hapa Kindu, kwa Kiswahili, kifungu cha kodi kikitangulia, na redio zetu zote ziwe zinarusha.