Folda ya picha ikijifunga yenyewe, usikimbilie kufuta

Kwa familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini, folda ya picha si mambo ya kujifurahisha tu. Ndimo ilimobaki picha ya kadi ya uchaguzi, ile ambayo kwa miaka mingi Wakongomani wameitumia kama kitambulisho. Ndimo kuna bulteni za watoto, karatasi ya shamba, na sura za ndugu ambao hawakufika. Karatasi zenyewe zilibaki nyumbani, au zililowa mvua chini ya hema. Siku folda hiyo inapokataa kufunguka, mtu anashikwa na hofu ya kweli.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Mtu anachomeka kadi memori kwenye kompyuta, anafungua folda ya picha, picha chache zinaanza kutokea, kisha dirisha linajifunga lenyewe. Anajaribu tena, linajifunga tena. Folda ya nyimbo inafunguka vizuri. Ile ya picha tu ndiyo inakataa. Wengi wanaambiwa hapo hapo: kadi imekufa, tuiformate, tuanze upya. Neno hilo ndilo la kuogopa.

Mama mmoja kutoka upande wa Masisi aliambiwa hivyo mara mbili. Kambi ya Bulengo, alikokuwa anaishi, ilipovunjwa mwezi wa pili 2025, kadi yake ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na pesa kidogo. Sasa kijana wake alitaka kujiandikisha kwenye chuo kikuu, na diploma yake ya serikali ilikuwa imebaki picha tu, ndani ya kadi ile. Mara ya tatu, mama aliingia kwenye kibanda cha fotokopi katika kartye ya Ndosho, mjini Goma. Kijana wa pale hakugusa kitu kwanza. Aliuliza.

“Mama, folda ilianza kukataa siku gani?”

“Siku ile tulitoka Bulengo, mwanangu. Nilikuwa napiga picha, simu ikaisha chaji.”

“Basi tusifute kitu, mama. Inawezekana ni picha moja tu inayosumbua.”

Alisema hivyo kwa sababu anajua programu ya kuonyesha mafaili inavyofanya kazi. Ukifungua folda ya picha, haisomi majina tu. Inafungua kila picha, moja baada ya nyingine, na kutengeneza kapicha kadogo ka kuonyesha kwenye kioo. Ikikutana na picha iliyokatika katikati, kwa mfano simu ilizimika ikiwa bado inaandika, au kadi ilichomolewa wakati wa kunakili, inaweza kushindwa kuisoma na kuanguka nzima. Watu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa picha si hivyo. Moja inaweza kuwa imeharibika na zingine zote zikawa nzima.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa nakala. Folda inaweza kunakiliwa bila kuifungua: unaigusa kwa kitufe cha kulia cha panya, unanakili, unaibandika ndani ya kompyuta. Kuanzia hapo kadi inachomolewa na kuwekwa pembeni. Majaribio yote yanafanyiwa kwenye nakala. Kama kunakili kwenyewe kunakwama katikati, hapo kadi yenyewe inaweza kuwa mgonjwa, na inafaa fundi atumie programu ya kuokoa mafaili. PhotoRec ni moja, tena ni ya bure. Picha zilizookolewa zinawekwa mahali pengine, kamwe si juu ya kadi ile ile.

Kazi ya pili ni kuizuia programu isitengeneze vipicha. Kwenye kompyuta yenye Windows ya Kifaransa, ndani ya chaguo za folda, sehemu ya Affichage, kuna mstari unaosema “Toujours afficher des icônes, jamais des miniatures”. Kijana aliweka alama hapo, akafungua folda. Safari hii haikujifunga. Majina ya picha yalijipanga kutoka juu hadi chini: 612. Mama aliyaangalia, akauliza kama kweli ndizo. Kijana akafungua moja kwa kubahatisha. Ilikuwa ni mtoto mdogo amekaa juu ya gunia la maharagwe. Mama akasema jina lake, akanyamaza.

Kisha ikabaki kumtafuta mkosaji. Kupima picha 612 moja moja kungekula mchana mzima. Kijana alizigawa nusu kwa nusu katika folda mbili, akarudisha vipicha, akafungua kila upande. Folda moja ilikaa wazi, ya pili ikajifunga. Ile iliyojifunga akaigawa tena. Kutoka 612 unafika 306, kisha 153, kisha 77, na kwa hatua kumi hivi unabaki na picha moja mkononi. Diploma ilikuwa kwenye nusu ya kwanza iliyokaa wazi. Ilitolewa kwenye karatasi siku hiyo hiyo, muhuri unasomeka.

Wale wenye simu tu, bila kompyuta, wanaweza kuanza na jambo jepesi zaidi. Mara nyingine picha zote ni nzima, ila akiba ya vipicha vya zamani ndiyo imeharibika. Ndani ya mipangilio ya simu, kwenye ukurasa wa programu inayoonyesha picha, kuna kitufe cha “Vider le cache”. Hicho kinafuta akiba tu. Kile cha kufuta données kisiguswe ikiwa hujui kinachofuata. Na simu ikiuliza kama iformate kadi, jibu ni hapana, mpaka nakala ipatikane.

Kuna jambo lingine ambalo wateja wengi wanasahau. Folda ikishapona, nakala iliyobaki ndani ya kompyuta ya kibanda ina sura yako, majina yako na namba ya kadi yako. Omba ifutwe mbele ya macho yako, hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Kisha weka nakala mbili mahali tofauti: moja kwako, nyingine kwa ndugu unayemwamini. Aliyekimbia zaidi ya mara moja anajua kwamba mfuko mmoja hautoshi.

Picha iliyokuwa inasumbua ilifunguka kwa programu nyingine. Nusu ya juu inaonyesha mbingu na ncha za hema za Bulengo. Nusu ya chini ni rangi ya majivu tupu. Kijana aliuliza kama aitupe. Mama alikataa. Akaomba iwekwe katika folda yake peke yake, isiangushe zingine tena.