Ilani Mbili za Kichochoro Kimoja

Kwa miaka mitatu kichochoro chetu cha Mji wa Kale kilikuwa hakipitiki kwa ndara. Maji ya nyumba ya pili kutoka kwetu, ya kufulia na, Mungu atusitiri, ya chooni pia, yalitoka kwenye bomba lililopasuka yakatambaa hadi kizingitini pangu. Wapita njia nao, wakiona pameshaharibika, wakatupa walichonacho: makumbi ya madafu, nepi, matumbo ya samaki. Wanaume waendao msikitini alfajiri walikunja kanzu wakapita. Sisi na watoto ndio tuliobaki na uvundo ule kutwa.

Nilisema na jirani yangu mara nne. Ni mtu mzima, humwita shangazi, naye ndiye aliyenipokea nilipoletwa bibi harusi katika mtaa ule. Kila mara alinijibu, "Inshallah, mwanangu, tutatengeneza," na kila mara nilirudi kwangu na sahani ya mahamri. Nani awezaye kumgombeza mtu huku ameshika mahamri yake? Nikanyamaza, mpaka mwanangu wa miaka minne alipolazwa kwa kuharisha. Daktari hakusema ni yale maji, wala mimi siwezi kuapa. Lakini usiku ule, nikihesabu matone ya dripu kando ya kitanda chake, niliona kuwa subira niliyojisifia ilikuwa woga tu.

Binti wa dada yangu, anayesomea sheria, ndiye aliyenifumbua macho. Mimi nikidhani sheria za mazingira ni za viwanda, na za mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Agosti 2017. Akanifahamisha kuwa Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kwamba Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila ya kulazimika kuthibitisha kuwa yeyote amekwisha kudhurika. Nikawakumbuka wenzetu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, walioshtaki kwa sumu ya risasi iliyotoka kiwandani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, kabla ya kesi kuendelea na safari ndefu ya rufaa.

"Lakini kwa bomba la jirani, khalati, huna haja ya kufika huko," akasema. Iko Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya tangu mwaka 1921. Maji machafu yanayomwagwa njiani na marundo ya taka yenye kudhuru afya yanahesabiwa humo kuwa ni kero. Afisa wa afya akiridhika kuwa kero ipo, humpa mwenye nyumba ilani ya maandishi aiondoe kwa muda maalumu. Asipotii, ndipo hupelekwa mbele ya hakimu. Kumbe sheria ina ngazi, na kidato chake cha kwanza si pingu.

Tuliandika barua, wanawake wa nyumba saba. Mmoja alikataa kutia sahihi. Alisema ni aibu kumpeleka jirani serikalini. Nilimwelewa, ila sikukubaliana naye. Tumefundishwa tangu chuoni kuondoa udhia njiani, na haki ya jirani haikuandikwa kwa ajili ya yule anayemwaga maji peke yake.

Bwana afya alifika wiki ya tatu, baada ya mimi kumfuata ofisini mara mbili. Akatazama, akaandika ilani ya shangazi. Kisha akainama, akafuata mkondo kwa kidole mpaka nyuma ya jiko langu. Bomba la karo langu la kuoshea vyombo lilikuwa limeng'oka chini ya ukuta, nalo likimwaga kule kule. Akaandika ilani ya pili. Miaka mitatu nimeyachukia maji yale, nisijue kuwa mengine ni yangu.

Jioni nilikwenda kwa shangazi na karatasi yangu mkononi. Yake alikuwa ameiweka juu ya meza. "Umenishtaki," akaniambia. Nikampa ilani yangu. Akaomba miwani, akaisoma yote, akanyamaza kitambo. Ndipo aliponiambia kuwa mwanawe aliyekuwa akimletea matumizi alipoteza kazi zamani, na kwamba aliona haya kusema hana pesa za fundi.

Fundi alikuja mmoja, mtaro ukachimbwa mmoja, na nyumba saba zikachanga, pamoja na ile iliyokataa sahihi. Muda wa ilani ulipokwisha kichochoro kilikuwa kikavu, na bwana afya hakurudi tena.

Shangazi hunisalimu, nami humwitikia. Mahamri hayajaja. Sahani yake ya mwisho ingali kabatini kwangu, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kila Ijumaa huitoa, nikaifuta, nikafikiri niitie nini.