Mwenyekiti Mwenye Mikono Juu ya Mikono

Alipomaliza mafunzo ya elimu maalumu Patandi, chuo kilichoko Tengeru chini ya Mlima Meru, mwalimu mmoja ambaye sasa amestaafu alizoea kuona jambo lile lile katika kila mkutano wa watu wenye ulemavu. Kiziwi asiyeona alikalishwa pembeni. Maswali yote, hata la jina lake, yalijibiwa na mama au kaka yake. Watu wakianza kutawanyika ndipo aliposhikwa mkono, ishara kwamba muda wa kwenda nyumbani umefika.

Na huyo alikuwa na bahati, maana wengi hawakutolewa nyumbani kabisa. Mwaka 2018 Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona lilikadiria kuwa uziwi pamoja na kutoona, kwa kiwango kikubwa, unawapata asilimia 0.2 ya watu. Mkoa wa Arusha ulikuwa na wakazi 2,356,255 katika sensa ya 2022. Piga hesabu, utapata zaidi ya 4,700. Wako wapi? Mwalimu anasema aliwakuta vyumba vya nyuma, katikati ya migomba na mibuni, majirani wakiamini wamerukwa na akili.

Hata vyama vilikuwa na mpaka wake. Kwenye mkutano wa wasioona kila kitu kilisemwa kwa mdomo, na kwa viziwi kila kitu kilisemwa hewani kwa alama; ambaye hana sikio wala jicho alitoka patupu kote kuwili. Ndiyo maana kuwepo kwa TASODEB, chama cha viziwi wasioona wenyewe ndani ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, kulikuwa na uzito kuliko semina zozote.

Kikundi cha viziwi wasioona anachokifuatilia mwalimu siku hizi Usa River, mkoani Arusha, kinaongozwa na mama wa makamo, aliyezaliwa kiziwi na kupoteza uwezo wa kuona ukubwani. Lugha ya alama aliijua tangu shuleni, kwa hiyo hakujifunza lugha mpya. Alihamisha tu ile aliyokuwa nayo kutoka machoni kwenda viganjani. Mikono yake hulala juu ya mikono ya mkalimani. Mkalimani wa pili hukaa nyuma yake na kumchorea mgongoni yanayotokea ukumbini: nani ameingia, nani amenyoosha mkono. Watu wakicheka, vidole humtekenya begani, naye hucheka pamoja nao.

Kanuni ni zake. Kila msemaji hujitaja kwanza, anazungumza mmoja tu, na hakuna hoja inayofungwa kabla haijamfikia mjumbe wa mwisho, akiwemo mzee anayeandikiwa herufi moja moja kwenye kiganja. Kikao huchukua muda mrefu, na sawa tu kichukue.

Na si kila neno hupita kwa mkalimani. Huko Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2007, aj granda na Jelica Nuccio, wote wawili viziwi wasioona, walisisitiza kwamba wenzao wazungumze wao kwa wao kwa kugusana, bila kumsubiri mkalimani. Usa River hakuna aliyewafundisha hilo. Mwalimu alilibaini wakati wa chai: wakalimani walienda kupumzika, magoti yakasogezwa karibu, na mazungumzo yakaendelea kwa viganja.

Fedha ndizo zilizowapima zaidi. Sanduku la kuweka na kukopa lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwenyekiti huzipapasa kufuli zote kabla sanduku halijafunguliwa na baada ya kufungwa. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Walipofuatilia fungu hilo, afisa mmoja alimgeukia mkalimani: "Anasemaje huyu?" Mama akagonga meza, akajibu mwenyewe kwa alama, na mkalimani akatamka neno kwa neno: "Niulize mimi. Mwenyekiti ni mimi."

Kikao kijacho hakitawekwa Jumatano wala Jumamosi, maana siku za gulio la Tengeru barabara hujaa bodaboda na fimbo haipati njia. Ajenda ni nauli ya wakalimani, ambayo bado wanachama wanachangishana, na safari ya kupanda hadi kata ya Poli kumwona kijana ambaye mama yake ameuliza kama anaweza kujiunga.